Tamasha la Kutazama kwa Kisogo

Barua ya uhamiaji ilikuwa fupi, na barua fupi za serikali ndizo za kuogopwa. Ilisema kwamba kibali cha kuishi cha mume na mke kingekwisha mwisho wa mwezi, na hakingeongezwa mpaka mmoja wao alete mkataba wa kazi ya kudumu. Vipande vya karatasi za vibarua havikutakiwa, wala barua ya mwajiri mwenye huruma. Mkataba. Mume aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaibandika ukutani juu ya jiko, labda kwa kutumaini kwamba mvuke wa chai ungeilainisha.

"Siku kumi na tisa," akasema.

"Kumi na nane," mkewe akamsahihisha. "Ya leo umeimaliza kwa kusoma."

Jengo zima lilimwita mume huyu Karani, kwa sababu wiki ya kwanza alipofika katika nchi ile ya watu alipanda ngazi ghorofa kwa ghorofa akiwaeleza majirani kwamba kwao alikuwa karani mwandamizi wa ardhi, miaka ishirini na miwili, mwenye dirisha lake na muhuri wake. Majirani waliitikia kwa adabu. Siku hizi alikuwa akisugua masufuria katika jiko la hospitali, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na akiitwa pale tu mtu wa zamu anapougua. Mkewe alipiga pasi na kufagia nyumba za wengine, saa mbili hapa, saa nne pale, na hakuna anayempa mtu mkataba wa saa mbili. Watoto wao wawili walibaki kwa bibi yao. Kibali kikifa, habari ya kuwaleta watoto imekufa nacho, na wao wenyewe watarudi na mabegi yaleyale waliyoondoka nayo, mbele ya macho yaleyale yaliyowasindikiza.

Aliyeleta habari njema ni fundi viatu wa chini ya ngazi. Kampuni ya ulinzi inatafuta watu wa siku moja, akasema, kwa tamasha kubwa la roki uwanjani. Watakaofanya vizuri, sita bora, watapewa mkataba wa kudumu.

"Roki?" Karani akakunja uso. "Ule muziki wa mabati yanayoburutwa?"

"Mabati hayo yanajaza uwanja wa watu elfu themanini. Wewe ukiimba anakuja nani?"

"Huyu akiimba hata mimi natoka," mke akasema, akaenda kumtafutia viatu vyeusi.

*

Mafunzo yalifanyika katika ua wa kuegeshea malori. Mkuu wao waliyeamriwa kumwita Kamanda alikuwa na shingo nene kuliko kichwa, na alitafuna ubani kana kwamba una deni naye. Akawapanga watu sitini mstari mmoja, migongo ikielekea malori.

"Mbele yenu kuna watu," akawaambia. "Nyuma yenu hakuna kitu. Hakuna jukwaa, hakuna gitaa, hakuna binadamu. Kazi yenu ni kutazama watu, kwa muda wa saa tatu, mpaka taa ziwake. Anayezimia mvuteni juu ya uzio mumkabidhi kwa wauguzi. Zaidi ya hapo, hamsemi, hamcheki, hamgeuki. Nina kamera. Anayegeuka hata shingo, hana ujira wala mkataba."

Kisha akaanza kuwajaribu. Nyuma ya migongo yao alipiga honi ya lori. Watu saba wakageuka. Akaangusha rundo la sinia, wakageuka watano. Akapiga kelele "Moto!", na wengine hawakugeuka tu, walikimbia. Mwisho akamwita binti wa ofisini, mwenye sauti kama asali, akasema polepole, "Samahani, baba, umeangusha pochi." Hapo wakageuka watu kumi na tisa, na wawili kati yao hawakuwa na pochi tangu mwaka uliopita.

Karani hakupepesa jicho. Kamanda akamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe umefunzwa wapi? Jeshini?"

"Serikalini," Karani akajibu. "Dirisha namba nne."

Na alisema kweli. Kwa miaka ishirini na miwili watu walikuwa wamemwita kwenye dirisha lile kwa kila sauti aliyoumba Mungu. Waliita kwa upole, wakaita kwa hasira, wakakohoa, wakagonga kioo kwa funguo. Mama mmoja alimfinya mtoto wake makusudi ili alie. Mzee mmoja alikaa kwenye benchi tangu milango ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa, kofia mapajani. Karani hakuwahi kuinua kichwa kabla ya kumaliza chai, na chai yake, wenzake walisema, ilikuwa na kisima chini. Alikuwa amekwishaamini kwamba ujuzi ule umeishia kwenye kiinua mgongo. Kumbe ulikuwa unasubiri soko la nje.

*

Shemeji yake wa nyumbani, kaka wa mkewe, alipiga simu jioni ileile. Huyu alikuwa mtu wa kusikia nusu na kutangaza mara mbili.

"Shemeji! Dada ananiambia utakuwa kwenye tamasha la yule mwimbaji mkubwa!"

"Nitakuwepo."

"Umepata nafasi ya wapi? Juu kule mbali?"

Karani akajitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea. "Mbele. Hatua tano kutoka jukwaani."

"Hatua tano! Baba, anasema hatua tano! Shemeji, litarushwa moja kwa moja kwenye televisheni, kinyozi ameshasema atafungua usiku. Tutakuja wote. Subiri, Baba anaitaka simu."

Baba mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikohoa kwanza, ili simu ijiandae. "Mwanangu. Huyo mwimbaji ni mtu mzima?"

"Ana miaka sabini na mitatu, Baba."

"Basi mkikaribiana umsalimie kwa niaba yetu. Mtu wa umri huo hapitwi kama nguzo ya umeme."

"Nitamsalimia, Baba. Bila shaka."

Simu ilipokatika, mkewe aliyekuwa akikunja nguo kitandani akauliza bila kuinua macho, "Umemwambia utakuwa umevaa kizibao cha kung'aa kama wafagia barabara?"

"Hakuniuliza mambo ya nguo."

"Na kwamba utamsalimia huyo mwimbaji kwa kisogo?"

"Mama Watoto, salamu ni nia."

Mke alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani, maana naye alikuwa na lake moyoni.

Kila Alhamisi mke huyu alifanya kazi kwa mzee mmoja mjane, aliyeishi peke yake na kabati tatu za santuri. Mzee wa Santuri hakuweza kukaa chumba kimoja na kimya. Mama Watoto alipofungua ubao wa pasi, mzee aliweka santuri kwenye mashine, na wote wawili wakafanya kazi: mmoja akinyoosha mashati, mwingine akisikiliza. Mwaka wa kwanza mama alipiga pasi akiwa ameuma meno. Mwaka wa pili mguu ulianza kutikisika bila ruhusa yake. Mwaka wa tatu alijua gitaa litalia wapi, na alikuwa akipima kazi kwa nyimbo: shati la mikono mirefu wimbo mmoja, shuka nyimbo mbili, pazia la sebuleni upande mzima wa santuri. Hakuna aliyejua. Nyumbani hata mluzi hakupiga.

Alhamisi iliyopita mzee alikuwa ameweka tiketi mbili za tamasha lilelile juu ya ubao wa pasi. "Miaka arobaini nimekwenda na kaka yangu," akamwambia. "Mwaka huu nimemzika. Na goti langu halinifikishi hata kwa muuza mikate. Nishike mkono wa nani?"

"Mimi, mzee? Pale?"

"Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayejua maneno yote."

Mke akakubali kabla hajakata shauri. Kisha akafikiri namna ya kumwambia mumewe, akaona haipo. Mwanamume anayekwenda kulinda uzio dhidi ya wahuni hapendi kusikia kwamba mmoja wa wahuni ni mama watoto wake. Habari ya hatua tano haikumtisha. Maneno ya mumewe alizoea kuyagawanya kwa kumi.

"Jumamosi nitachelewa," akasema sasa, akilainisha mkunjo ambao haukuwepo. "Nina zamu kwa yule mzee. Goti lake limezidi."

"Pole yake," Karani akasema.

Na goti lilikuwa limezidi kweli. Uongo unaodumu hujengwa juu ya goti la mtu mwingine.

*

Kizibao alichopewa Karani kilikuwa cha kijana wa miaka kumi na mitano. Hakikufunga tumboni, na mgongoni kiliandikwa USALAMA, lakini kwa vile mgongo wake ulikuwa mpana kuliko kitambaa, herufi za pembeni zilijikunja kwapani, zikaonekana tano tu za katikati. Wakapewa vizibo vya masikio vya sponji, chupa moja ya maji, na sehemu ya kusimama iliyochorwa kwa chaki, kama kuku wa maonyesho. Mbele yake uzio wa chuma uliomfika kifuani. Nyuma yake, kwa sheria, hakukuwa na kitu.

Watu walianza kuingia jua likiwa bado lipo. Msichana mwenye pete puani alimkabidhi glasi ya pombe iliyonywewa nusu, akamwambia, "Nishikie," kisha hakuonekana tena. Jamaa mmoja alimwomba ampige picha na jukwaa nyuma yake, Karani asiposogea akamwita sanamu. Mwingine akamning'inizia koti begani. Karani akasimama, koti begani, pombe mkononi, akijiambia kimoyomoyo neno moja kama mtu anayesoma dua: mkataba, mkataba, mkataba.

Taa zikazimika. Kitu ambacho hakikuwepo nyuma yake kikalipuka. Ngoma zilimgonga kwenye figo, gitaa likapita katikati ya meno yake yaliyojazwa kwa daktari wa bei nafuu, na suruali ikawa inatetemeka yenyewe. Karani hakugeuka. Watu elfu themanini walikuwa wanatazama upande mmoja, na mtu mmoja alikuwa anawatazama wao.

Wimbo wa kumi na tano ulipokuwa unaisha, umati wa mbele ukaanza kufunguka. "Njia! Mpisheni mzee!" Vijana waliochorwa mafuvu ya kichwa mikononi walikuwa wanapisha kwa heshima zote, wengine wakipangusa njia. Akatokea mzee wa nywele nyeupe, koti la ngozi lililokongoka viwiko, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshikwa na mwanamke aliyevaa kilemba cha kitenge cha kijani. Karani alikijua kilemba kile. Alikinunua yeye, na kupatana bei na muuzaji kulimchukua nusu saa.

Mke akamwona. Akainama nyuma ya mzee, lakini mzee alikuwa mwembamba kama fimbo yake, hakumficha hata sikio. Akasimama wima. Kati yao palikuwa na uzio na hatua moja.

"Baba Watoto," akaita, wimbo ulipokatika, kwa lugha ya kwao ambayo pale hakuna aliyeielewa. "Usinikazie macho. Nitakueleza."

Karani akasema kwa meno yaliyofungwa, midomo haikutikisika, "Hii ndiyo zamu?"

"Goti si hili hapa? Liulize."

"Na koti la ngozi nalo linaumwa?"

"Mtazame kwanza vizuri, ana miaka karibu themanini! Wivu mwingine ni aibu."

Karani akatamani kuruka uzio, kukaa chini, kwenda nyumbani. Akakumbuka kamera. Akakumbuka barua juu ya jiko. Akabaki palepale, glasi ya pombe ya mtu mkononi, anamtazama mkewe. Na kwa vile hakuruhusiwa kutazama kingine, akamtazama kama hajawahi kumtazama. Wimbo mwingine ukaanza, wa polepole, na mkewe akafumba macho. Alijua kila neno. Uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa mdogo, hauna bili wala pasi ndani yake. Karani alimjua mwanamke huyu miaka kumi na sita, na uso ule hakuwahi kuuona. Ilimuuma kwamba mzee wa Alhamisi alikuwa ameuona kabla yake.

Hapo ndipo mwimbaji aliposhuka.

Ilikuwa desturi yake, walieleza baadaye wanaojua: kwenye wimbo ule huwashukia watu mpaka uzioni. Lakini miaka sabini na mitatu ndani ya suruali ya ngozi si mchezo, na ngazi ya mwisho ilikuwa ndefu. Alitafuta kitu cha kushika, akapata bega la Karani. Akaegemea. Karani akahisi mkono mkavu wa mtu mzima, na pumzi ya mtu mwenye goti lake naye.

"Samahani, ndugu," mwimbaji akamnong'oneza sikioni. "Nibebe kidogo."

Karani akambeba kwa bega moja, macho mbele. Mwimbaji akaimba ubeti mzima hivyo, kidevu kikikaribia kukaa juu ya kichwa cha Karani, akimwimbia mwanamke wa kilemba cha kijani. Akaona midomo yake ikitamka kila neno. Akapitisha kipaza sauti juu ya bega la Karani kama mtu anayepitisha chumvi mezani.

Na Mama Watoto akaimba. Sauti yake, iliyozoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja, ikapaa juu ya umati, ikagonga taa za nguzo, na wanaopenda kutia chumvi wanasema ndege zilizokuwa zinatua zilizunguka mara moja zaidi. Watu elfu themanini wakanyamaza, kisha wakamwitikia. Mzee wa Santuri alikuwa analia waziwazi, fimbo juu.

Katika kibanda cha kinyozi, mbali nyumbani kwao, watu thelathini na wanne waliona kwenye televisheni uso wa binti yao, mkubwa kama ukuta. Waliona pia, katikati ya binti yao na yule mwimbaji, uso wa mume wake, umekauka kama wa mtu aliyekuja kukata umeme.

Wimbo ukaisha. Mwimbaji akasema kwenye kipaza sauti, "Na huyu ndugu aliyenibeba, makofi kwake!" Umati ukapiga makofi. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia kando ya bega la Karani, kiganja wazi, akitaka kumshika mkono.

Mkono ule ulikaa hewani. Karani aliuona kwa pembe ya jicho: mishipa, pete tatu, madoa ya uzee. Kuushika ilibidi ageuke, hata kidogo tu, hata nusu ya bega. Nyuma yako hakuna binadamu, Kamanda alikuwa amesema.

"Mpe mkono, bwana!" Mzee wa Santuri akapaza sauti.

"Baba Watoto!" mkewe akasema, na sasa hakuwa anajitetea, alikuwa anamsihi. "Mzee anakusalimia!"

Karani aliyatazama macho ya mkewe, na ndani yake akaona watoto wawili wamekaa kwa bibi yao. Hakugeuka. Mkono ukangoja, ukangoja tena, ukampigapiga begani polepole, kama mtu anayempa pole mwingine, ukaondoka.

Umati ukazomea. Glasi ya plastiki ikampiga paji la uso. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano.

*

Walirudi pamoja kwa basi la mwisho, mzee katikati, kila mmoja amemshika mkono wake. Karani alinuka pombe ambayo hakuinywa.

"Zamu ya goti," akasema baada ya vituo vitatu.

"Ningekwambia, ungesema mabati."

"Ningesema."

"Basi."

Vituo viwili vingine. "Umejifunza lini kuimba hivyo?"

"Nikipiga pasi."

"Kwangu unapiga pasi kimya."

"Kwako hujawahi kuniwekea santuri," mkewe akasema.

Mzee akauliza wanazungumza nini. "Anasema nimeimba vizuri," mke akamtafsiria, na Karani hakupinga.

Asubuhi simu ililia kabla ya chai. Safari hii hakuwa shemeji. Kikohozi kilitangulia.

"Mwanangu. Nilikuagiza nini?"

"Nimsalimie, Baba."

"Akaleta mkono mwenyewe. Mimi nikauona. Kinyozi akauona, akashika kichwa, na aliyekuwa ananyolewa ameondoka na upande mmoja. Mtu mzima amekuegemea, amekushukuru mbele ya dunia, wewe umempa mgongo."

"Baba, nilikuwa kazini."

Upande wa pili kiti kilisikika kikiburutwa, mtu akakaa.

"Kazini," baba mkwe akasema. "Mimi nimewahi kuja dirishani kwako, mwanangu. Ulikuwa hujamwoa binti yangu bado, hunijui. Nilikuja na hati ya shamba la marehemu baba yangu. Nilikaa kwenye benchi tangu mnafungua mpaka mnafunga, kofia mapajani. Ulikuwa kazini siku ile pia." Akakohoa. "Ulipokuja kuposa na adabu zako zote, nikasema moyoni, labda kosa ni la dirisha, siyo la mtu. Sasa jana nimeona huna dirisha."

Hakungoja jibu. Akakata simu.

*

Mkataba ulifika Jumatano. Karani alikuwa wa kwanza kati ya wale sita. Kamanda alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwamba picha yake itaonyeshwa katika mafunzo yote yajayo. "Mwimbaji kampa mkono, hakugeuka! Mwanamke anaimba mbele ya pua yake, hakutabasamu! Nimetafuta mtu kama wewe miaka ishirini."

Lakini Karani aliposoma mkataba kwa jicho lake la zamani, aliona jambo. Kibali kinakwisha tarehe thelathini. Kazi inaanza tarehe tano. Kati yake kulikuwa na siku nne ambazo hakuwa mwajiriwa wa mtu. Kamanda alisema tarehe haibadiliki, zamu zimeshapangwa.

"Siku nne tu," mkewe akasema.

"Hujui makarani," Karani akajibu. "Mimi ningeirudisha fomu kwa pengo la siku moja. Ningeirudisha kwa wino wa rangi nyingine."

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi walikwenda uhamiaji, yeye na suti yake, mke na kilemba chake cha kijani. Wakachukua namba, wakakaa kwenye benchi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, kwa hiyo haikuwezekana kulalamika. Hatimaye namba yao ikaitwa: dirisha namba nne. Karani akakohoa.

Nyuma ya kioo kijana mmoja alikuwa amewapa mgongo, anakoroga chai.

"Habari za asubuhi," Karani akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mkataba.

Kijiko kikazunguka.

"Samahani, bwana mkubwa," akasema tena, kwa sauti ya mtu asiye nao.

Kijiko kikazunguka. Karani akazijua sauti zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kwa kuwa alikuwa amezisikia zote kutoka upande wa pili: kikohozi, funguo kwenye kioo, mtoto wa kufinywa. Akashika kofia aliyokuwa ameivua. Akaona ameishika kifuani.

Mama Watoto alikuwa amechoka kusimama. Bila kukusudia, kama afanyavyo mbele ya shuka refu, akaanza kuimba chinichini, ule wimbo wa polepole.

Kijiko kikasimama. Kijana akageuka, kiti na vyote.

"Wewe!" Akainuka, akaweka uso kwenye kioo. "Kilemba cha kijani! Jamani, njooni, ni yule mama! Yule mama wa tamasha!"

Madirisha matatu yakafungwa kwa wakati mmoja, na foleni zao zikaguna. Makarani wakaja na vikombe vyao. Wakamwomba mstari mmoja, mama akawapa miwili. Kijana akavuta makaratasi yao huku akitikisa kichwa, akafunua mkataba kama mtu anayefunua kitabu cha picha, hakusoma tarehe, hakusoma jina, akagonga muhuri mara mbili, kibali cha mume na cha mke, pa! pa! Karani alisikia sauti ile kwenye figo, kama ngoma.

"Nilikuwepo," kijana akasema. "Nilikuwa nyuma yako kidogo tu. Nimelia, nisikufiche. Lakini yule mlinzi! Yule mwenye uso kama mlango wa stoo! Mzee wa watu kanyoosha mkono, jitu limesimama tu. Mimi ndiye niliyemtupia glasi. Mtu gani yule, mama, asiyejua hata kusalimiwa?"

Karani akaangalia kofia yake. Mkewe akamtazama, kisha akamtazama kijana.

"Yule," akasema polepole, "alikuwa kazini."

"Kazi gani hiyo!" kijana akacheka, akasukuma vibali chini ya kioo.

Karani akavichukua. Vilikuwa bado vina joto la wino. Moyo ukamjaa kitu ambacho hakukizoea, na kabla ya kufikiri akapitisha mkono wake wa kulia chini ya kioo, kiganja wazi, kumshukuru kijana wa watu.

Lakini kijana alikuwa ameshazungusha kiti. Chai ilikuwa inapoa, na kijiko kilikuwa kimeanza tena. Mkono wa Karani ulikaa pale juu ya kaunta, upande usio wake wa kioo. Watu wa foleni wakautazama. Ukangoja, ukangoja tena.

"Rudisha mkono, Baba Watoto," mkewe akamwambia taratibu, akaushika yeye. "Naye yuko kazini."